Vibanda vya Kuku pale Kanduyi

Nina nyumba sita za wageni Kanduyi, karibu na uwanja wa michezo. Kila moja imesimama peke yake, mlango wake, paa lake. Mwaka huo zilikaa tupu miezi mitatu, na tamasha la utamaduni ndilo lililokuwa tumaini langu la mwisho kabla sijazifunga.

Wenye hoteli tuliitwa mjini Bungoma tukutane na waandaaji, tugawane wageni. Mwenyekiti wetu ana hoteli ya ghorofa nne. Nilipoinua mkono kuuliza juu ya kikundi cha waimbaji kutoka Kitale, akanikata maneno.

"Mama, keti chini, bana. Hizo vibanda zako za kuku hatuwezi weka kwa listi."

Watu wakacheka. Nikaketi, moyo unaniwaka hata chai yao sikuionja.

Wageni wote akawachukua yeye, na kikundi kile kikiwemo. Nakijua, dada yangu huimba humo. Akina mama kadhaa wanaimba, na waume wa binti zao ndio wapiga ngoma. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mkwewe hawapeani mkono, sembuse kulala chini ya paa moja. Mwenyekiti ni Mbukusu, naye hajawahi kumpa mkono mama mkwe wake. Lakini alihesabu vitanda tu, hakuuliza nani ni mkwe wa nani. Ningeweza kumpigia simu. Sikupiga. Wiki nzima nilifua mashuka huku nikiimba.

Siku yenyewe, saa tisa mchana, basi likasimama mbele ya hoteli yake. Akina mama walipoona mlango ni mmoja kwa wote, wakagoma. Wakakaa kando ya barabara na mizigo yao, wapiga ngoma wakawapa mgongo, na waandaaji wa tamasha wanatazama.

Saa kumi mwenyekiti alikuwa langoni pangu, jasho linamtoka, akina mama nyuma yake.

"Mama, nisaidie na nyumba zako."

"Nyumba sina. Nina nini, mwenyekiti?"

Akatazama viatu vyake.

"Vibanda vya kuku," akasema.

Nilisikia raha mpaka miguuni, siwezi kudanganya. Nikamtaka kwanza aandike nyumba zangu kwenye orodha, juu ya hoteli yake. Akaandika, nami nikatoa funguo; vitanda vyote vilikuwa vimeshatandikwa.

"Kumbe ulijua," akasema. "Si ungesema, mama?"

"Niliinua mkono. Ukaniambia niketi."