Chumba Chenye Mlango Mmoja

Msumeno unanguruma katika chumba cha tatu cha makumbusho, na vumbi la mbao linatua kwenye sakafu iliyopigwa deki jana tu. Anayesimamia kazi ni mwanamke mfupi, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Wenzake humwita Bi Sentimita. Ukuta unaotobolewa aliubuni mwenyewe, na mpaka wiki iliyopita alikuwa akijivunia.

“Tumeupaka rangi mara mbili,” seremala analalamika. “Leo unaniambia nitoboe. Kesho utaniambia niule.”

“Wewe kata. Mita moja na nusu, isipungue.”

Kwa miaka kumi na minne amebuni maonyesho ya mambo ambayo watu hawapendi kuyakumbuka: mafuriko, kambi ya wakimbizi, ugonjwa ulioua watoto. Ndiye anayeamua taa ing'ae kiasi gani, picha ipi isiwe usawa wa macho ya mtoto, na benchi likae wapi.

“Watu hudhani napamba kuta,” anasema. “Mimi najiuliza mtu ataketi wapi akishindwa kuendelea.”

Safari hii ni moto wa kiwanda cha nguo, ulioua washonaji kumi na tisa. Mlango wa nyuma ulikuwa umepigwa kufuli, kwa sababu wakubwa waliogopa kuibiwa vitambaa. Manusura sita walikubali kuazimisha vitu vyao kwa sharti moja: mkubwa wao kwa umri, mshonaji mstaafu, akikague chumba kwanza. Akikikataa, kila mtu anachukua chake.

Bi Sentimita alikipanga kama alivyofundishwa. Mgeni anaingia, anafuata simulizi hatua kwa hatua, anazunguka na kutokea palepale alipoingilia. Mlango wa pembeni aliuziba kwa ukuta wa mbao, ili wageni wasirukie mwisho. Mkurugenzi aliusifu sana mpango huo.

Siku ya Jumanne, wiki iliyopita, yule mshonaji mstaafu alifika na binti yake. Alisimama kizingitini akatazama vyerehani, aproni, na mkasi wake mwenyewe ndani ya kioo. Hakuingia.

“Mwanangu, pa kutokea ni wapi?”

Bi Sentimita akamwonyesha mlango uleule aliposimama.

“Basi mimi naishia hapa,” mama akasema, akamshika binti yake mkono, wakaenda zao.

“Nilisoma ushahidi wote,” Bi Sentimita anaeleza. “Kufuli lenyewe liko kwenye kabati la mwisho, maelezo yake nimeandika mimi. Halafu nikajenga chumba chenye mlango mmoja.”

Mkurugenzi hakutaka ukuta uguswe. Alisema wageni watachepuka katikati ya simulizi. Bi Sentimita akamjibu kwamba heri wachepuke kuliko kuonyesha makabati matupu. Nyumbani, mumewe anamtania kuwa siku hizi hata mgahawani anachagua meza ya karibu na mlango, kama mtu anayepanga kukimbia bili. Anacheka, ila habadilishi meza.

Sasa ana mpango mwingine. Maonyesho yajayo ni ya ajali ya mgodi, na anataka familia za wachimbaji zitembezwe katika chumba kitupu kabla yeye hajachora mstari hata mmoja. Mkurugenzi bado hajakubali. Anasubiri kuona litakalotokea leo.

Alasiri mshonaji anarudi na binti yake. Vumbi limefagiliwa, na nyuma ya uwazi mpya mlango wa pembeni unaonekana. Bi Sentimita ameng'oa kitasa chake, usifungike tena kwa ufunguo. Mama anakivuka chumba bila kutazama kabati lolote, anausukuma mlango, anatokea uani.

Seremala anamtazama Bi Sentimita.

Mlango unafunguka tena. Mama anaingia, anageuka, anausukuma mara ya pili kuhakikisha. Kisha anatoa miwani kwenye mkoba, anaifuta kwa ncha ya mtandio, na kuinamia kabati la kwanza.

Baada ya kitambo binti yake anauliza kama waondoke.

“Tulia,” anamwambia bila kuinua kichwa. “Bado nasoma.”