Kumtoa Mama Kwenye Kanda

Mwaka wa 1988 chuo chetu hapa Eldoret kilikuwa na kompyuta moja ya kunasa sauti, na mlinzi wake nilikuwa mimi, Ogola. Nasema mlinzi kwa sababu fundi habembelezi mashine kiasi kile. Ilimeza sekunde nane za wimbo, ikakaa dakika ishirini ikifikiri, ndipo ikachora mistari: sauti nzito chini, nyembamba juu. Stima ikipotea, unaanza upya. Na stima ilipotea sana.

Kila Jumamosi Mwalimu Chepngetich alikuja kutoka Moiben na kaseti moja aliyoifunga kwa leso. Alifundisha darasa la tatu, mwanamke wa kunyoosha kila kitu: kola za watoto, kamba za viatu, hata nyaya zangu. Kaseti ilikuwa ya harusi ya kaka yake. Ndani yake wanawake wanamwimbia bibi harusi, na mama yake Chepngetich anawajibu peke yake, kwa sauti aliyoitunga papo hapo. Mama huyo alifariki Februari. Desemba mdogo wao, Jepchirchir, angeolewa, na Chepngetich alikuwa ameapa kwamba lile jibu la mama litaimbwa. Majirani aliowauliza lilivyoimbwa, kila mmoja alikumbuka lake.

Basi tukaanza kuuchambua wimbo vipande vipande. Jumamosi ya kwanza tukaondoa makofi. Ya pili, ng'ombe aliyekuwa akilia nyuma ya nyumba. Ya tatu vigelegele vilitushinda, nikapiga meza kwa hasira, naye akaniambia niende nikapige ya kwetu nyumbani. Kufikia ya sita tulikuwa tumeondoa hata vigelegele na waimbaji wengine, zikabaki sauti mbili, na mojawapo ilikuwa ya mama.

"Hii ingine ni ya nani?" nikauliza. "Ako karibu sana na redio ya kurekodi. Anafunika mama kabisa."

Akainamia kioo cha kompyuta kama anayesahihisha daftari.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndio nilikuwa nimeshika redio."

"Si ungenyamaza tu, Mwalimu?"

"Bibi ya kaka yangu anaimbiwa, halafu mimi ninyamaze? Kwetu wangeuliza niko na chuki gani na yeye." Akavuta kiti karibu. "Toa mimi, Ogola. Wacha mama."

Nilijaribu hadi saa kumi jioni. Nikikata juu, wote wawili wanapotea. Nikikata chini, wote wawili wanabaki. Mistari yao ilifuata njia ile ile, na ile mashine ya bure haikujua upi ni wa nani. Nilitamani kuitupa dirishani.

"Imekataa," nikamwambia. "Sauti yako na ya mama ni moja."

Akaichomoa kaseti mwenyewe, akaifunga kwenye leso, akakaza fundo mara mbili.

"Tangu nikiwa mtoto watu wananiambia hivyo," akasema, "na mpaka leo nilikuwa nafurahi."