Mkimbiaji Aliyeliliwa Matanga Akiwa Hai

Likida wa Arkadia alishinda mbio za Olimpia mara mbili, na ushindi wa pili ndio uliomharibia maisha. Wa kwanza ulitangazwa kwa jina la mji wake wa milimani, na wenzake wakabomoa kipande cha ukuta wa mji ili aingie kwa heshima. Wa pili, matajiri wa Sisilia walikwisha kumshawishi, naye akamwambia mpiga mbiu amtaje kuwa mtu wao. Tamaa mbele, mauti nyuma. Habari zilipofika nyumbani, baba yake Mnasio hakugomba. Alinyoa kichwa, akamlilia mwanawe matanga kamili, akamsimamishia na jiwe la kaburi.

Kule Sisilia Likida alilishwa bure ukumbini, nyama na divai kila siku. Waliokula naye walimwuliza habari za mbio tu. Hakuna aliyemwuliza kama mama yake yu hai. Alivumilia miaka, upweke ukamshinda, akarudi.

Lakini kwao aliyekwisha kuliliwa haingii nyumbani hivihivi. Sharti azaliwe upya: aoshwe, aviringishwe nguo za kichanga, alazwe kando ya meko, kisha baba ayazunguke meko mbio, kama afanyavyo kwa kila mtoto anayemkubali. Baba asipokimbia, hakuna mtoto.

Mama yake, Filina, alimwosha, akamfunga vitambaa toka mabegani hadi vifundoni.

"Umenenepa, wewe," akanong'ona. "Nilipokuzaa ulikuwa kama panya."

"Mama, atakuja kweli?"

"Nyamaza. Vichanga hawasemi."

Likida akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha woga. Mnasio akaingia na mkongojo wake, akasimama akimtazama.

"Baba, mzunguko mmoja tu. Hata kwa kutembea."

"Mwanangu nilishamkimbilia humu humu," mzee akasema. "Majirani wakala, wakanywa. Halafu akaenda kusimama mbele ya Wagiriki wote, akasema kwao si hapa. Filina, mfungue mgeni huyu aondoke kabla jua halijazama."

Akatoka. Filina alilia bila sauti, kisha akalishika fundo la kwanza. Likida, aliyewahi kuwaacha nyuma wakimbiaji wa Ugiriki nzima, akamwomba asifanye haraka.