Nilimtafutia Mdogo Wangu Uso wa Filamu

Kwa miaka mingi nimelisingizia jua, nikasingizia chumvi ya bahari na jicho la watu. Leo nasema. Uso wa mdogo wangu Rukia niliuharibu mimi, kwa mikono hii, tena kwa mapenzi.

Nimechoka kulibeba jambo hili. Mama yetu alilelewa Unguja, akatuachia Kiswahili chake, basi nawaambia ninyi msionijua.

Sisi ni watu wa Mutsamudu, mji wa kisiwa cha Nzwani. Wazazi walipofariki tulibaki watatu, mimi mkubwa. Niliacha shule nikaanza kusaga msindzano, liwa yetu ya msandali inayosagwa juu ya jiwe la tumbawe. Mwanamke huipaka usoni mpaka akawa wa manjano, akaenda nayo hata sokoni. Inapoza ngozi. Nilipaka maharusi wa mtaa mzima, na hivyo ndivyo wadogo zangu walivyosoma.

Jirani yetu alikuwa na televisheni na kanda za filamu za zamani, za Misri na za Ufaransa, zile zisizo na rangi. Wenzangu walifuata hadithi, mimi nilitazama nyuso. Mwigizaji alisogezwa karibu mpaka shavu likajaa kioo kizima, na huoni kitundu wala chunusi. Kama yai lililomenywa. Mimi fundi wa nyuso nikawa najiuliza, hawa wanapakwa nini?

Rukia akachumbiwa. Siku ya posa mama mkwe alisema mbele ya watu, akicheka, "Msichana mzuri. Sasa nani atamtengeneza, na mama hana?"

"Mimi," nikasema.

"Haya. Tutamwona."

Neno lile sikulisahau.

Tukavuka bahari kwenda Moroni, mji mkuu, mimi na Rukia, kununua vitambaa vya harusi. Tukiwa huko kisiwa chetu cha Nzwani kikatangaza kujitenga na nchi. Vyombo vya baharini vikakatika, na safari ya siku chache ikawa ya miezi. Tulikaa mtaa wa Badjanani, chumbani kwa binamu ya baba. Wengi walituhurumia, wengine walitutania kwa maneno ya kuchoma. Muuza mihogo wa soko la Volo Volo aliniambia, "Mnzwani, bado uko? Si mna serikali yenu sasa?"

"Nina njaa yangu tu, kaka. Nipimie."

Soko hilo hilo, mwanamke wa vipodozi alinionyesha kopo la krimu lisilo na lebo. "Hiki ndicho wanachopaka wacheza filamu," akasema. Nikaamini upesi, nikalinunua, kwa sababu nilikuwa nimengoja miaka mtu anijibu swali langu.

Rukia alichukia mikorogo ya kung'arisha ngozi. Nililijua hilo, kwa hiyo sikumwambia. Nikaichanganya krimu ile ndani ya msindzano.

"Dada, leo unachoma."

"Msandali wa huku mkali. Vumilia."

"Tangu lini msindzano ukachoma?"

"Nani anasaga, mimi au wewe?"

Akanigeuzia shavu la pili. Nilikuwa nimemlea. Angenikatalia vipi?

Na ile manjano ikafunika kila kitu. Alishinda nayo mchana kutwa, hakuna aliyeona kilichokuwa chini yake. Mwanzoni ngozi iling'aa, nikazidisha. Kisha mashavu yakawa mekundu, yakafanya mabaka meusi, na karibu na macho ngozi ikawa nyembamba mpaka mishipa ikaonekana. Zahanati haikuwa na dawa; siku zile kila kitu kilikuwa haba. Walituambia tuache kupaka chochote, tusubiri.

Tukiwa katika kusubiri, mchumba akatuma salamu kwa msafiri aliyepenya kwa mashua. Anaomba picha ya Rukia tu, amwone.

Nikampeleka kwa mpiga picha mmoja mzee pale Badjanani. Nilimnong'oneza kama anaweza kuficha mabaka.

"Kazi ndogo," akasema. Akampaka Rukia poda nzito, akasimamisha taa kubwa usawa wa uso, vivuli vyote vikaliwa. Kisha akavuta kipande cha soksi ya kike, ile nyembamba ya nailoni, akakifunga juu ya lenzi. "Hivi ndivyo walivyofanyiwa wale wa filamu za zamani. Nao walikuwa na chunusi, binti. Ni taa, poda na kitambaa."

Nikasikia mdomo wangu unauliza, "Kwa hiyo hakuna krimu?"

"Krimu ya nini?"

Rukia alikuwa ameketi kitini, taa imemwelekea. "Krimu gani, dada?"

Nikamwambia pale pale, mbele ya yule mzee. Hakulia. Alikaa wima akapigwa picha.

Ilipotoka, ilikuwa na shavu lile lile la filamu. Rukia aliitazama, akaniwekea mkononi. "Huyu si mimi. Kaa naye wewe." Mchumba akapelekewa maneno tu, bila picha: uso umeharibika, akitaka amwache.

Hakumwacha. Vyombo viliporudi tukavuka, akaolewa. Wiki ya harusi Rukia alimwita mwanamke wa mtaa wa pili amsagie msindzano. Mama mkwe akauliza kwa sauti ya kusikika, "Kwani dada yake si fundi?"

"Amechoka," Rukia akamjibu. "Alisaga sana Moroni."

Alinisitiri. Angenitukana ningepata pa kujitetea.

Mabaka yamefifia, hayajaisha. Tunakula sahani moja, watoto wake wananiita mama mkubwa. Lakini nikinyoosha mkono kumtoa uzi shavuni, hurudi nyuma kidogo, halafu ndipo anakumbuka kutabasamu.

Ninyi mnaowapaka wadogo zenu, na ninyi mnaowatengeneza maharusi, msitafute sokoni uso ambao hata mwigizaji mwenyewe hakuwa nao. Na kabla hujamgusa mtu, mwambie kilichomo mkononi mwako. Akikataa, mwache na uso wake. Mimi sikumpa Rukia nafasi ya kukataa, na hilo ndilo asiloweza kulisahau, hata akitaka.