Jina Ninalolitaja Nikisikiliza Ile Albamu

Admin, nakuomba unifiche vizuri, maana mji wetu ni mdogo na mashemeji zangu wote wanafuata hii page. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, Mborana, niko Isiolo. Mume wangu ananunua na kuuza mbuzi, na mimi ninapaka hina kwenye saluni moja huku Wabera. Sili, silali, na Ijumaa baada ya swala wazee wa upande wa mume wangu wanakuja nyumbani kunihoji. Nimekuja kwenu kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Mwaka jana nilijifungua mtoto wa kiume, kifungua mimba wangu. Baba mkwe alikuwa ameshafunga mbuzi nyuma ya nyumba akingoja siku ya kumpa jina, maana kwetu jina la mtoto linatoka kwa wazee wa mume, mama hana lake hapo. Mtoto hakuifikia hiyo siku. Asubuhi alianza kupata shida ya kupumua, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameenda. Mume wangu alimbeba mwenyewe mpaka makaburini, akarudi, akanawa mikono, na baada ya siku chache akaenda zake mnadani Garbatulla. Yule mbuzi alirudishwa kwenye kundi. Mama mkwe huniita intala, yaani binti yake, na kusema kweli ananipenda. Aliniambia, "Intala, usilie. Huyo ni wa peponi. Ukimlilia sana utamfungia mwingine njia." Tangu hapo hakuna mtu nyumbani aliyemtaja tena. Lakini maziwa yangu yaliendelea kutoka, nikawa nashinda nimejikaza leso kifuani wageni wasione.

Niliporudi kazini nilimkuta Makena, msichana anayesuka nywele pale saluni, amechizi na albamu ya dada mmoja mwimbaji wa Nairobi. Nyimbo za mapenzi za kawaida, za kutingisha mabega. Wimbo wa kwanza huyo dada anaimba kwamba blauzi yake imelowa kwa ajili ya mtu fulani na huyo mtu yuko mbali. Wateja walikuwa wanapiga vigelegele na kutupiana maneno ya aibu. Mimi nilisimama pale na koni ya hina mkononi. Nilijua hayo ni maziwa. Nikaomba Makena anitumie albamu nzima, nikaisikiliza kwa mpangilio wake mpaka mwisho. Huyo mpenzi anayeimbiwa haongei hata mara moja. Hatembei, anabebwa tu. Kuna mahali anaimbiwa kucha zake, jinsi zilivyo ndogo. Jamani, ni mwanaume gani huyo? Nilipomwambia Makena alicheka mpaka akaangusha kitana. "Wacha zako! Hii ni ngoma ya kukatikia, wewe unaigeuza matanga."

Labda ni mimi tu ninayesikia hivyo. Sijali. Niliipenda ile albamu kuliko kitu chochote nilichobaki nacho, kwa sababu ndiyo peke yake iliyokubali kuongea na mimi habari za mtoto wangu. Wimbo wa mwisho hauna maneno. Huyo dada anaguna taratibu, ananyamaza, anaguna tena, ananyamaza. Kila akinyamaza mimi natia jina pale. Jilo. Nilimchagulia mwenyewe bila kuuliza mtu. Nalitaja hilo jina nikifua, nikipika, nikiwa peke yangu.

Sasa nina mimba nyingine. Wiki iliyopita mume wangu alirudi kutoka Oldonyiro mapema kuliko alivyosema. Nilikuwa uani naosha vyombo na earphone masikioni, sikusikia geti. Alisimama nyuma yangu akanisikia naita "Jilo wangu, Jilo wangu," machozi yananitiririka. Akachomoa earphone moja akaiweka sikioni mwake. Albamu ilikuwa imeisha na kurudi mwanzo, kwenye ule wimbo wa blauzi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile.

"Jilo ni nani?"

Nilinyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonimaliza.

"Nakuuliza, Jilo wa nani? Taja babake nimjue. Na hiyo tumbo ni ya nani?"

Amehamia kwa mama yake. Jana mama mkwe alikuja na kilio chake mwenyewe, akanishika mikono. "Intala, sema tu ni nani, sisi tutakuombea msamaha."

Najua wengi mtasema, si uongee tu yaishe! Nami nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini nikisema, nitakuwa nimewanyang'anya wazee kazi yao na kumlilia aliyekatazwa kuliliwa, tena nikiwa na mimba, na hii ikipata shida yoyote nitaambiwa nimejitakia. Hata hiyo si kubwa. Ninachoogopa hasa ni waseme mtoto yule hakuwa na jina na hana, wanikataze kulitaja. Mwili wake walienda kuuzika bila mimi. Nikinyang'anywa na jina nitabaki na nini? Na nisiposema, huyu aliye tumboni atazaliwa akiitwa wa nje.

Mume wangu amesema Ijumaa nitaulizwa swali moja tu mbele ya wazee, Jilo ni mtoto wa nani, yaani huyo mwanaume anatoka kwa baba gani. Ndugu zangu, mimi nitamtazamaje usoni yule mtu aliyemzika kwa mikono yake, nimwambie ni wako? Nishaurini, nifanye nini?