Bi Mdoli Aliyeficha Mikono

Mara ya kwanza nilikataa kuandika haya. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, kanibembeleza, eti mama, wewe ndiye uliyebishana naye kuliko wote, basi wewe ndiye unayemjua. Kalamu yenyewe naishika kama mwiko. Mwenye kucheka herufi zangu acheke, ila asome mpaka mwisho.

Namwandika nesi wa wodi ya watoto. Tulimwita Bi Mdoli, kwa sababu hakutembea bila mdoli wa kitambaa alioushona mwenyewe, una tundu shingoni na kamrija ndani yake. Mwanamke mfupi, viatu vimelika upande mmoja, chai yake inapoa dirishani kila siku. Nilipomwona tu nikamwambia mwanangu, hospitali gani hii, wauguzi wanacheza na midoli.

Mjukuu wangu, binti ambaye hata kutembea bado, alikuwa na tundu kama lile. Koo lilikuwa limembana, hewa haipiti, madaktari wakamtoboa shingoni wakamwekea mrija apumulie, ukafungwa kwa kamba. Akapata nafuu, akanenepa, anacheka na kila mtu. Kilichobaki ni ruhusa ya kwenda nyumbani, na ruhusa ilikuwa mkononi mwa Bi Mdoli. Alisema mtoto hatoki mpaka baba na mama, wote wawili, wajue kumnyonya makohozi kwa mashine na kubadilisha mrija ukiziba. Ukiziba, mtoto hana pengine pa kupumulia.

Mkwe wangu alishika upesi. Tabu ilikuwa mwanangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, moto haumtishi, lakini mbele ya ule mdoli mikono ilimtetemeka kama ya mlevi.

"Taratibu, baba," Bi Mdoli akamwambia. "Hapa hakuna geti."

Wodi nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Mwanangu anafanywa kichekesho mbele ya mkewe, nami nipo? Nikamvaa yule nesi. Nikamwambia nimelea wangu wote na wa majirani bila mdoli, na mtoto akilia mimi huamka kabla ya mama yake. Atupe ruhusa twende zetu.

Aliniomba tu nigeuke, nitazame ukuta. Nikageuka, nikatazama rangi inavyobanduka mpaka nikachoka.

"Bibi, mjukuu wako anafanya nini?"

"Kalala. Si kuko kimya hivyo?"

"Geuka."

Mtoto alikuwa analia. Alikuwa kanyang'anywa kijiko chake. Mdomo wazi, uso umemwiva, machozi yanamtiririka mpaka masikioni, na sauti hakuna hata chembe. Hewa yote ilikuwa inatokea shingoni. Alikuwa analia muda wote ule nyuma ya mgongo wangu, na mimi na masikio yangu haya tumesimama tu.

"Huyu humsikii, bibi," akasema, akamrudishia kijiko. "Huyu unamtazama."

Tangu hapo macho yangu hayakubanduka kwa mtoto, ndiyo maana kesho yake mimi ndiye niliyeona kwanza. Mkwe wangu alikuwa kaenda kufua. Kifua cha mtoto kikaanza kuvutika ndani, midomo ikabadilika rangi. Nikamwita mwanangu. Akaingiza mpira wa mashine kwenye mrija, haupiti. Akautoa, akajaribu tena, haupiti. Akamtazama Bi Mdoli aliyekuwa amekuja mbio, kasimama karibu kabisa.

Na yule mwanamke akapeleka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Mshike wewe," nikamwambia. "Si ndiyo kazi yako?"

"Nyumbani sitakuwepo." Alikuwa hapepesi macho. "Baba, mrija mpya uko kulia kwako. Kata kamba."

Nilitaka kumsukuma. Nilikuwa nyuma yake, mkono nimeshauinua, ndipo nikaona ambacho mwanangu hakukiona. Ndani ya ngumi yake kulikuwa na mrija mwingine, tayari, na ngumi ile ilikuwa inatetemeka kuliko mikono ya mwanangu. Nikaushusha mkono wangu.

Mwanangu alikata kamba. Akavuta mrija wa zamani, akaingiza mpya, akachomoa kijiti kilichokuwa ndani yake cha kuuongozea. Hewa ikapita kwa mvumo mdogo, kama mtu anayepuliza chai. Kifua kikapanda. Mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, wala hatukusikia kitu.

"Analia," mwanangu akasema, naye analia. "Mama, mtazame, analia."

Tulipewa ruhusa. Kabla ya kutoka niliuomba ule mdoli, nikajifunza na mimi. Bi Mdoli aliniambia mikono yangu ni mizito. Nikamwambia chai yake imepoa.

Sasa tuko nyumbani watatu tunaojua, na bado mkwe wangu macho yamemwingia ndani kwa kukesha. Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, nakudai. Kama jirani yako ana mtoto wa namna hii, usimpelekee pole. Nenda ukanawe mikono, umwambie akufundishe huo mrija mpaka akuamini, kisha umwamuru akalale.