Mutu wa Kutazama Panya Mudomo

Bwana yangu Melchior anachimba panya. Semeni yote, mi nimezoea. Hapa kambi ya bakimbizi ya Dzaleka bantu ya kwetu balimupatia jina, Papa Panya, na batoto ya jirani banaimba nyuma yake akipita na jembe. Sisi ni bantu ya Fizi, kule Kongo, tulilima muhogo na mahindi, panya ya shamba hatukuwa tunakula. Lakini ba Malawi banaipenda: inachemushwa na chumvi, inakaushwa, inafungwa kwa vijiti. Iko mama mumoja kwa soko ya Chilinde, kule Lilongwe, ananunua yote tunamupelekea. Feza yake njo inatulisha. Musaada ya kambi ilipunguzwa, ikapunguzwa tena. Mvumilivu hula mbivu, banasema. Sisi tulivumilia mpaka zikaoza.

Shamba si yetu. Ni ya chifu ya kijiji ya karibu, muzee mupole, anaongea kidogo. Mahindi ikiisha kuvunwa anaacha Melchior achimbe, yeye peke yake kati ya bakimbizi bote, juu alipenda namna anafanya kazi. Sharti ilikuwa moja. Kule juu ya mashamba kuna mulima yenye pori ya serikali, na kanyama kamoja ka pua ndefu kanashukaga kulala kwa mashimo ya panya. Hako kanyama kanalindwa. Bantu ya serikali balimwambia chifu: kakiuawa kwa shamba yako, tutakuuliza wewe. Na chifu akamwambia Melchior: mi nitakuuliza wewe.

Basi Melchior akawa na desturi yake. Hapigi fimbo shimoni kama bengine. Anaziba milango ya shimo na majani, anaacha mumoja, anazungusha kitambaa kwa mukono, anaingiza. Akishika kitu anakibana shingo, anafungua mudomo na kidole. Ikiwa na meno mbili ndefu mbele, za kukata, ni panya, inaingia kwa mufuko. Ikikosa yale meno, na pua inachezacheza, anaachilia, na anangoja mpaka ipotee. Miaka sita hivyo! Mara ngapi nilimwambia, kwa jina ya mutoto wetu, "Baba Bora, unachunguza panya kama daktari ya meno, na jua inatumaliza!" Anacheka tu.

"Mama Bora, hii shamba hatuna karatasi yake. Tuko na neno ya chifu basi."

Mwezi wa saba homa ikamulaza. Siku ya kwanza, ya pili. Siku ya tatu unga ikaisha, nsima ya batoto hakuna, mi nikabeba jembe. Akasema toka kwa mukeka, "Tazama kwanza, ua nyuma." Nikasema ndiyo, ndiyo, na nikatoka.

Chifu alipita na baiskeli yake asubuhi, akanisalimia, akaendelea. Nilichimba. Mugongo iliuma, mikono ikatoka malengelenge, panya zinakimbia kila upande, mi nashika udongo. Saa sita nilikuwa na mbili. Mbili, jameni! Nikafika kwa shimo moja kubwa, nikazisikia ndani zinatembea, na hapo roho yangu ikachoka kabisa. Nikafanya kile bantu bote banafanya: nikabomoa, nikapiga fimbo, pa, pa, pa. Nikakusanya tisa. Ya mwisho ilikuwa na pua ndefu.

Nilikaa chini. Ata kulia sikukuwa na nguvu ya kulia. Ningeweza kuifukia pale pale, nani angejua? Lakini niliogopa chifu aisikie kwa mutu mwengine, tufukuzwe kama bezi. Nikaifunga kwa kitambaa, nikampelekea Melchior.

Aliifungua mudomo na kidole, kama desturi yake. Hakunigombeza, na hiyo iliniuma kupita matusi. Aliamuka na homa yake, akavaa shati, tukapanda kabaza kwenda kwa chifu, dereva anakanyaga baiskeli, Melchior anatetemeka mbele yangu. Mi niliwaza nitasema mwenyewe. Kufika, yeye akanitangulia kupiga magoti, akasema kwa Kichewa chake cha kuvunjika:

"Zikomo, samahani chifu. Leo nimeua hii. Ni mimi."

Na mi nikanyamaza. Haya ilinishika, nikanyamaza.

Chifu akamutazama namna anatetemeka. Akatazama mikono yangu. "Asubuhi nilisalimia bibi yako shambani," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Melchior akafunika kanyama tena na kitambaa.

"Kanyama kamoja ningeweza kukaeleza kwa serikali. Ningesema ni ajali. Lakini mimi siangalii mashimo, nasikiliza kinywa chako. Sasa nitasikiliza nini? Usirudi kuchimba."

Kisha siku tatu kupita, nilirudi kwa chifu peke yangu. Nikasema yote: ni mimi, nilichoka, nilipiga bila kutazama, na bwana yangu alidanganya ili anifiche. Chifu akaniambia, "Wewe umesema. Wewe njoo uchimbe. Yeye hapana." Nikamuomba. Nikashika ardhi na mikono yote mbili. Hapana.

Njia nzima nilitafuta namna ya kumwambia. Utamwambia nini mutu aliyechunga neno yake miaka sita, akaipoteza siku moja juu yako? Nilimukuta mulangoni, homa imetoka, ananoa jembe na jiwe.

"Chifu amesema nini?"

"Amesema nichimbe mi kwanza," nikamwambia. "We upate nguvu."

Hii ni wiki ya tano. Mi niko nachimba, natazama kila mudomo, narudi nimekufa na uchovu. Yeye anabeba maji, anapasua kuni, anafunga panya kwa vijiti. Amepona zamani. Na kila asubuhi, nikishika jembe, ananiuliza kama chifu hajamuita bado, na mi namwambia bado.